Pikipiki ni ya nani, hasara ni ya nani

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo mimi ndiye ninayepokea fomu za wazazi kwenye sekretarieti ya shule moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. Fomu ina mstari unaouliza kazi ya baba, na chini yake mwingine wa kazi ya mama. Mwalimu huandika mwalimu, askari huandika askari. Wengine wote, na ndio wengi, huandika neno moja la Kifaransa: libéral, yaani mwenye kazi ya kujitegemea. Anaandika hivyo fundi cherehani mwenye vijana watatu chini yake. Anaandika hivyo motari anayebeba abiria kwa pikipiki ya mtu, na mchimbaji anayekuja nyumbani mara mojamoja kutoka Kolwezi, na kijana anayepakua mifuko ya saruji kwenye depo na kulipwa jioni. Kwenye mstari wa mama huandikwa ménagère, mama wa nyumbani, hata kama ni mama huyo huyo anayelipa karo kwa pesa za unga anaouza soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi.

Naandika makala hii kwa sababu neno hilo moja linawaumiza watu. Anayekopa analikuta kwenye dirisha la mkopo, aliyegongwa analikuta hospitalini, aliyefukuzwa analikuta mbele ya mkaguzi wa kazi. Kila mahali anaambiwa: wewe ni mtu wa kujitegemea, hatukujui. Wakati mwingine ni kweli anajitegemea. Mara nyingi si kweli, ila hakuna aliyemuuliza maswali yanayostahili kuulizwa.

Mji wetu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906, ndiyo iliyotuonyesha mtu wa kazi anafananaje: ana namba, ana nyumba ya kambi, ana posho ya unga, mtoto wake anasoma shule ya kampuni na mkewe anajifungua hospitali ya kampuni. Baada ya uhuru mali ile ikawa ya Serikali, tukaiita Gécamines, na enzi za nguvu zake iliajiri watu zaidi ya 30,000. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikaanza kulala. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mababa wengi wa mtaani kwetu ni wa kundi hilo. Mpaka leo ukimwuliza mmoja wao atakujibu, "Sina kazi, mama, niko najipanga tu," na huyo tangu alfajiri alikuwa shambani, mchana alikuwa anatengeneza redio za watu, jioni amepita kudai kodi ya chumba alichopangisha uani. Kwetu mshahara ulikuwa mkubwa mno machoni pa watu, kiasi kwamba kila kilichobaki nje yake kilitupwa katika gunia moja na mdomo ukafungwa.

Kulifungua gunia hilo ni kazi ambayo watu wa takwimu wameihangaikia kwa muda mrefu. Mwaka 1993 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, chini ya Shirika la Kazi Duniani, uliwagawa wafanyakazi kwa hadhi zao: walioajiriwa, waajiri, wanaojifanyia wenyewe bila kuajiri mtu, wanachama wa ushirika wa uzalishaji, wanafamilia wanaosaidia katika biashara ya nyumbani, na mabaki wasioingia popote. Mgawanyo huo ulidumu miaka 25. Mwaka 2018 wakaufumua, na walichokifanya kimenisaidia kuliko hotuba zote za ujasiriamali nilizowahi kusikiliza.

Walisema mtu aulizwe maswali mawili. La kwanza ni la mamlaka: je, yeye mwenyewe ndiye anayeamua kazi iendeje, bei iwe ngapi, afungue lini na afunge lini, au kuna mwingine nyuma yake anayeamua? La pili ni la hatari: je, anaishi kwa malipo ya kazi yake, au kwa faida ambayo huenda ikawepo na huenda isiwepo? Zamani tulidhani majibu hutembea pamoja, anayeamua ndiye anayekula hasara, na anayeamriwa ndiye aliye salama. Wanatakwimu waliona kwamba kuna watu wengi wanaoamriwa kama waajiriwa na kula hasara kama wafanyabiashara. Wakawapa kundi lao peke yao, ambalo kwa Kiswahili naweza kuliita la wakandarasi tegemezi. Katika hadhi kumi walizoziorodhesha mwaka ule, hii ndiyo iliyokuwa mpya kweli, na ukisimama kwenye njia panda yoyote ya Lubumbashi unaiona kwa macho.

Karibu karne tatu zilizopita, mtu wa fedha mzaliwa wa Ireland aliyefanya shughuli zake Paris, Richard Cantillon, aliwagawa watu wa nchi, ukiwaacha mtawala na wenye ardhi, katika mafungu mawili tu: wenye malipo yanayojulikana na wenye kipato kisichojulikana. Katika fungu la pili aliwatia wafanyabiashara wakubwa, mafundi, na hata ombaomba na wezi. Fomu zetu za shule bado zinafikiri kama yeye.

Nianze na wamotari, maana hapo ndipo libéral inapodanganya zaidi.

Pikipiki ina mwenyewe. Anaweza kuwa mtumishi wa Serikali, afisa, mwenye duka, au mama aliyepokea zamu yake ya likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa, akaamua pesa isilale. Kijana anaichukua asubuhi, jioni analeta versement, yaani pesa ya siku ya mwenye pikipiki. Kiasi cha versement amekipanga mwenye pikipiki, na hakijui mvua. Kijana akizuiwa na polisi nusu siku, versement ni ileile. Mafuta ni juu yake, na tairi likitoboka ni juu yake. Injini ikifa ni mali ya mwenyewe, lakini watagombana nani ameiua. Akishindwa kuleta kwa siku mbili tatu, ufunguo unahamia kwa mwingine ambaye amekuwa akisubiri. Hana karatasi ya kumtetea, na kwenye fomu ya shule ameandika libéral.

Sasa muulize yale maswali mawili. Anaamua nini? Njia ya kupita, abiria wa kumbeba, na bei, ambayo kwa kweli imeshaamuliwa na mtaa mzima. Anabeba hatari gani? Karibu yote. Mwenye pikipiki anapata kiasi kilekile kila jioni, kama mtu wa mshahara, na kijana anapata kinachobaki, kama mwenye biashara. Mambo yamegeuzwa: mwenye mali amejinunulia utulivu, na asiye na mali ndiye anayecheza na bahati.

Kwenye taxi-bus kuna ngazi moja zaidi. Dereva anamdai receveur, yaani konda, nidhamu kama bosi, anamlipa kutoka kwenye kinachobaki baada ya versement, anaweza kumwacha barabarani siku yoyote. Kwa mwenye gari dereva ni mtu wa chini, kwa receveur ni mwajiri, na siku ikiwa mbaya receveur ndiye wa mwisho kupata na wa kwanza kukosa. Sijaona fomu yoyote inayoweza kumwandika receveur mahali panapomfaa.

Wamotari wengi ninaozungumza nao hawapendi kuitwa wafanyakazi wa mtu. Wanasema: nikishamaliza versement saa nane, saa zilizobaki ni zangu, naweza kulala, naweza kumpeleka mama hospitali, naweza kuendelea na kila faranga ikawa yangu. Ni hoja ya kweli na sitaki kuipita. Mwenye mshahara hana uhuru huo. Lakini uhuru wenyewe unaanza versement ikishatoka. Kabla ya hapo, na kuna siku ambazo "kabla ya hapo" inafika saa mbili usiku, saa zote ni za mwenye pikipiki, na ni saa hizo hizo kijana anapokimbiza, anapobeba watu watatu, anapopita taa nyekundu. Tunapolalamika kwamba wamotari wanaendesha vibaya, tungeangalia pia ni deni gani wanalilipa kabla jua halijatua.

Sheria inasemaje? Sheria ya kazi ya Kongo, ya Oktoba 2002, inasema mkataba wa kazi ni makubaliano yoyote, ya maandishi au ya mdomo, ambayo mtu anakubali kufanya kazi chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine, ya moja kwa moja au yasiyo ya moja kwa moja, na kulipwa. Maneno hayo, "ya mdomo" na "yasiyo ya moja kwa moja", yana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Pasipo karatasi, mfanyakazi anaweza kuthibitisha mkataba wake kwa njia yoyote. Na mwaka 2006 Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo nambari 198 kuhusu uhusiano wa kazi, likizitaka nchi ziangalie mambo yalivyo, ziache kuangalia jina ambalo watu wameupa uhusiano wao: nani ametoa vifaa, nani anapanga saa, mtu anatumikia mmoja au wengi, malipo yanakuja kwa utaratibu gani. Ila pendekezo hilo hilo linasema pia kwamba kutobeba hatari ya kifedha ni dalili ya kuwa mwajiriwa. Motari wa versement anaibeba. Dalili nyingine zinamvuta upande wa waajiriwa, hii inamvuta nje, naye anabaki katikati bila ulinzi wa huku wala faida ya kule. Ndiyo maana lile kundi la 2018 lina maana kwangu. Kumtambua kuwa yuko katikati ni hatua ya kwanza ya kumtungia kanuni zake.

Na si wote walio katikati. Kwenye kona ileile, kando ya yule wa versement, yuko aliyenunua pikipiki yake kwa pesa zake. Huyo anajiajiri kikamilifu: akilala amelala kwa hasara yake, akiuza chombo pesa ni yake. Wa tatu analipa kila siku kwa makubaliano kwamba baada ya muda fulani pikipiki itakuwa yake. Mwonekano wake ni ule ule, lakini yeye ni mnunuzi wa mkopo, na swali kubwa kwake ni kama makubaliano yameandikwa na malipo yake yanawekewa alama mahali fulani. Nimeona vijana waliofika karibu na mwisho wakanyang'anywa chombo kwa kosa dogo, na hakuna daftari la kuonyesha walichokwisha kulipa.

Soko lina mambo yake. Mama wa kwanza anakwenda mwenyewe Kasumbalesa, mpakani, ananunua unga uliotoka Zambia kwa mtaji wake, analipa gari, analipa njiani, anapanga bei kwa kuangalia dola imeamkaje. Faranga ikishuka kabla hajauza, mtaji unayeyuka mikononi mwake. Huyo ni mfanyabiashara kwa maana yote ya neno. Meza ya pili kuna mama mwenye mifuko ile ile, lakini mifuko ni ya depo. Anaichukua asubuhi bila kutoa pesa, bei ya chini ameshaambiwa, jioni anarudisha hesabu na kinachozidi ni chake. Mifuko isiyouzwa inarudi. Huyo ni wakala. Hali yake si mbaya lazima, kwani mtaji wa kupoteza hana. Lakini muulize mfuko ukilowa mvua au ukiibiwa nani analipa. Akijibu "mimi", basi amepewa hatari ya mwenye mali bila mali yenyewe, na tumerudi kwa motari. Vivyo hivyo kwa mawakala wa pesa za simu na wauza unités, yaani vocha za simu, na kwa wabadilishaji wa pesa: wawili wamekaa kwenye viti vya plastiki vinavyofanana, marundo ya faranga mbele yao yanalingana, mmoja rundo ni lake, mwingine ni la mtu aliye nyumbani.

Nyuma ya meza kuna msichana. Ndiye anayefika na mama saa kumi na moja alfajiri, ndiye anayepima, ndiye anayebaki mama akienda msibani. Halipwi, kwa kuwa ni wa nyumbani. Haamui chochote, kwa kuwa ni mtoto. Wanatakwimu wana jina lake tangu zamani, mwanafamilia anayechangia, na katika mgawanyo wa 2018 wamemweka kati ya wategemezi: biashara ikila hasara naye anakula hasara, ila sauti hana. Msichana huyu ananigusa kuliko wengine wote kwa sababu mimi humwona upande wa pili, darasani, akisinzia saa nne. Na wake wengi wako kwenye kundi hilo hilo, kwenye duka ambalo jina la mbele ni la mume. Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mume kabla ya kufunga mkataba unaomfunga yeye binafsi. Ni mwaka 2016 tu ndipo marekebisho yalipoiondoa. Miaka kama thelathini ya idhini haifutiki kwenye fomu kwa siku moja. Nikiona ménagère kwenye mstari wa mama, siku hizi namwuliza kwa heshima, "Mama, unga ni wa nani?" Mara nyingi anacheka kwanza. Halafu ananieleza biashara nzima, hesabu, wadeni na yote.

Kijana wa mifuko ya saruji sitakaa kwake sana, kwa sababu kwake jibu lipo tayari. Anaambiwa afanye nini, saa ngapi, analipwa kwa siku: ameajiriwa, basi. Sheria ile ya 2002 inakwenda mbali zaidi: mtu wa kutwa akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo miwili kuisha, mkataba wake mpya unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Wangapi kwenye madepo ya mji huu wameshapita siku 22 bila kujua? Kumwita kijana huyo libéral ni kumnyima haki iliyokwisha andikwa.

Fundi cherehani naye ameandikwa kimakosa, ila kwa upande wa juu. Mwenye vijana watatu wanaokata na kushona kwa amri yake ni mwajiri, hata kama anawaita wanafunzi na hata kama wazazi wao ndio waliomlipa awafundishe. Mafundi hawapendi kusikia hili.

Kwa wachimbaji, wale tunaowaita creuseurs, sheria imejaribu kuwapanga na ikaacha tatizo palepale. Sheria ya madini ya 2002 iliwapa kadi na maeneo yao ya kuchimba kwa mikono. Marekebisho ya Machi 2018 yakawalazimu wawe wanachama wa ushirika uliokubaliwa. Kwa karatasi basi, kijana wa Kolwezi au Luisha ni mwanaushirika: mwenye sauti, mwenye fungu. Lakini shimo halichimbwi kwa karatasi. Kabla ya kufika kwenye mawe yenye madini kuna wiki na miezi ya kuchimba udongo mtupu, na katika muda huo lazima watu wale, lazima pampu ivute maji, lazima kamba na taa vinunuliwe. Anayetoa pesa hizo ni mfadhili wa shimo, wanayemwita sponsor. Madini yakipatikana, kwanza gharama zake zinakatwa, halafu yanagawanywa, na mara nyingi wachimbaji wanatakiwa kumwuzia yeye huyo kwa mizani yake na kipimo chake cha ubora. Madini yasipopatikana, vijana wamefanya kazi miezi kwa chakula tu. Nani anaamua hapo? Mwenye pampu na mwenye mizani. Nani anabeba hatari? Sponsor anabeba ya pesa, na sitamnyima hilo, wengine wamefilisika kabisa. Mchimbaji anabeba ya muda wake na ya mwili wake, na shimo likianguka hakuna anayejitokeza kusema huyu alikuwa mtu wangu. Ushirika ambao wanachama wake hawajawahi kumchagua kiongozi wala kuona daftari la mauzo ni jina jingine la bosi, na mkaguzi angeweza kulijua hilo kwa maswali matatu tu.

Serikali ina mgawanyo wake, lakini ule umetengenezwa kwa ajili ya kodi. Kuna patente, leseni ya biashara ndogo, kwa sheria ya Agosti 1979 iliyowahifadhia Wakongomani biashara hiyo. Kuna kuandikishwa kwenye daftari la biashara kwa aliyekua zaidi. Na tangu Kongo ilipoingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, ipo pia hadhi ya entreprenant, ambayo mtu mmoja mwenye shughuli ndogo anaipata kwa tamko tu, bila kuandikishwa kwenye daftari lile. Hadhi hiyo ni nzuri, nawashauri mama wa Kasumbalesa na motari mwenye chombo chake waiulizie kwenye guichet unique, ofisi ya kuandikisha biashara. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayouliza kama mtu anafanya kazi chini ya mwingine. Ofisa anaweza kumpa yule wa versement karatasi ya entreprenant, na siku hiyo hiyo mwenye pikipiki amepata ushahidi kwamba hahusiki naye.

Hapo ndipo ninapoogopa miradi ya mikopo kwa vijana wajasiriamali. Aliye na chombo chake au mtaji wake, mkopo unaweza kumpanua. Aliye wakala au wa versement, mkopo unamwongezea mdai wa pili juu ya wa kwanza. Kinachomsaidia ni mkopo wa kununua chombo chenyewe, au makubaliano ya haki na mwenye chombo. Msichana wa mezani hakuna mkopo utakaomfikia, yeye anahitaji mama apate msaidizi wa kulipwa saa za shule. Kijana wa saruji anahitaji mkaguzi wa kazi.

Kwa wazazi wetu wenye pikipiki na magari, na najua wengine mnasoma hapa, nina ombi moja ambalo haligharimu mwanasheria. Chukueni daftari la shule, karatasi moja, mwandike na kijana, wote wawili mtie sahihi na mwachiane nakala: versement ni kiasi gani na siku ngapi kwa wiki, siku ya ugonjwa, ya mvua kubwa au ya chombo kulala gereji inahesabiwaje, matengenezo yapi ni ya nani, akiumia kazini mwenye chombo anachangia nini hospitalini, na mkiachana, mnapeana taarifa ya siku ngapi. Kama ni makubaliano ya kulipa mpaka pikipiki iwe yake, andikeni jumla yote, na kila jioni wekeni alama kwenye nakala zote mbili, kila mmoja akiona.

Kwenye fomu zetu mwaka huu nimeomba mkurugenzi turefushe mstari wa kazi, tuongeze vijisanduku viwili chini yake: kifaa ni changu au cha mtu, na nimeajiri mtu au hapana. Amekubali kwa majaribio, kwa darasa la kwanza.